Shingo ya Mshamu

Dar es Salaam
12 Mfungo Pili 1323, Wadachi wanauhesabu Januari 1906

Dada Mwamini,

Toka edani. Mumeo hajafa.

Soma mstari huo mara ya pili, ukae chini, ndipo umwite mavyaa wako Bi Mwanabibi umsomee polepole, maana mwanawe ni huyo mmoja. Mwingine yeyote hapo Kibiti usimwambie. Barua hii ukishaisoma itie motoni.

Nimemwona kwa macho yangu. Jumatatu Bwana Daktari alirudi kutoka huko kwetu alikokuwa na jeshi, na kwenye machela ya mwisho alikuwapo mtu aliyefungwa shingo kwa vibao viwili na vitambaa. Unajua kazi yangu hapa ni kufunga vidonda na kutafsiri. Nikainama kumpa maji. Akanitazama kwa macho tu, maana kichwa hakigeuki, akaninong'oneza: "Shemeji, usinijue." Nikamnywesha, nikaenda kwa mwingine. Hapa hakuna ajuaye kuwa ni mume wa dada yangu, na wasijue. Shemeji wa mtu aliyeng'oa pamba ya akida na yeye huhesabiwa kang'oa.

Siku ile mliposikia wamenyongwa watu saba, ni kweli walinyongwa saba. Kamba ya Mshamu ilikatika. Aliangukia kisiki, wakamwacha hapo na wenziwe wakidhani yamekwisha. Jioni Daktari alipita kuandika maiti, akasikia mmoja anakoroma. Tangu hapo alimlaza kwenye banda la wagonjwa la boma, miezi mitatu na zaidi, na hakuna aliyewaambia ninyi.

Daktari ana mashine mpya. Ni chupa ya kioo iliyofungwa nyaya. Ikiwashwa hutoa mwanga wa kijani na mlio kama chumvi iliyotupwa motoni. Mgonjwa hukaa ubavu, kioo kingine kikawekwa begani pake, naye akatulia bila kumeza mate mpaka nihesabu mia moja na ishirini. Kioo kile kikisafishwa kwa dawa gizani, mifupa ya shingo huonekana, mmoja juu ya mwingine, na nyama haionekani kabisa. Mshamu amepigwa picha tatu: ameangalia mbele, ameinamisha kichwa, ameinua kidevu. Zile mbili za mwisho hazitofautiani sana na ya kwanza, kwa kuwa shingo imekaza kama mchi.

Anatibiwa vizuri. Anapewa maziwa. Nitaandika tena.

Ndimi mdogo wako,
Bushiri


Kibiti
3 Mfungo Tatu 1323

Bushiri, mdogo wangu,

Nassibu uliyemtuma kanipa barua yako mkononi, nikaisomea palepale uani. Nimepiga magoti, sikumbuki nilipigaje. Mavyaa hakulia. Aliuliza, "Anameza?" Nikamwambia barua haisemi. "Mwandikie nduguyo aseme kama anameza, na kama vidole vya mikono vinakunjika." Unamjua, ameunga mifupa ya watu tangu wakiwa milimani, na kwake mwana au si mwana, mfupa ni mfupa. Lakini usiku huo hakulala ndani. Alikaa kizingitini mpaka adhana.

Huku ni njaa. Askari walitia moto ghala letu na la jirani, na mpunga wa bondeni waliwalisha punda wao. Tunachimba ming'oko, viazi vya porini. Maziwa unayosema anapewa, sikuamini mpaka niliposoma mara tatu. Nimejifungua, Bushiri. Mtoto wa kike, ana siku kumi na mbili. Nilitaka baba yake ampe jina, nikasema hana baba, nikaliacha. Sasa muulize.

Ninakuletea chupa ya mafuta ya ufuta aliyoyachemsha mavyaa na mizizi yake. Anasema yapashwe moto, asuguliwe kuanzia chini ya masikio mpaka mabegani, asubuhi na alasiri. Kisha alale chali, kichwa kining'inie ukingoni mwa kitanda, akihesabu pumzi ishirini. Kisha akae, akishushe kidevu kidogo kidogo. Akiumia aache, akichoka asiache.

Anasema pia awe anasali. Rukuu na sijida zitamfundisha shingo kuliko mashine ya Mdachi.

Na neno moja unijibu waziwazi. Wale waliomhukumu wanasemaje? Mtu aliyekatikiwa na kamba ameachiwa, au bado?

Dada yako,
Mwamini


Dar es Salaam
9 Mfungo Nne 1324

Dada,

Anameza. Vidole vinakunjika.

Mafuta yamefika na yanafanya kazi. Daktari alinusa, akacheka, akasema nimpake, hayatamdhuru. Kila Jumanne anampiga picha upya. Huchora mstari nyuma ya mfupa wa pili na mwingine nyuma ya mfupa wa saba, kwenye kioo cha kuinama na kwenye kioo cha kuinua kidevu, halafu huweka kipimo chake cha nusu duara na kusoma nyuzi ngapi shingo imesogea. Siku ya kwanza zilikuwa tisa. Wiki hii ishirini na sita. Ili ajue shingo nzima husogea kiasi gani, alinikalisha mimi kwenye kiti kilekile akanipiga. Yangu ni sitini na tatu. Hiyo ndiyo anayoifuata sasa, kaiandika kwa rangi nyekundu juu ya daftari lake.

Mimi ndiye ninayemshika Mshamu kichwa wakati wa picha. Peke yake hawezi kukiinamisha na kukituliza, kwa hiyo nakisukuma kwa viganja viwili na kukizuia hapo mpaka hesabu iishe. Jasho linamtoka.

Daktari si mtu wa matusi. Anamjia kila asubuhi, anamgusa shingo kwa vidole vyake vilivyobabuka, sijui vinababuliwa na nini, na huandika. Anamwambia kila mgeni kwamba mtu wa namna hii hapatikani hata kwao.

Kuhusu uliloniuliza: Daktari alimwambia mbele ya askari wa zamu kwamba amesamehewa. Nilitafsiri mimi mwenyewe.

Haya ya chini ni maneno ya Mshamu. Nimeyaandika alivyoyasema.

"Mwamini mke wangu. Usinililie tena. Mtoto mwite Zabibu. Leo nimetoa salamu ya kulia mwisho wa sala, nimeona bega langu kwa mbali. Ya kushoto bado. Mama mwambie ukingo wa kitanda nauweza, nimefika pumzi thelathini. Mdachi kasema shingo ikipona nitapewa karatasi na kurudi. Basi nafanya mara tano kwa siku, si mbili. Nitakuja kulima bonde kabla maji hayajapanda. Usiuze jembe."

Bushiri


Dar es Salaam
2 Mfungo Tano 1324

Dada Mwamini,

Mafuta msilete tena. Mwambie Bi Mwanabibi aache, na lile zoezi la ukingo wa kitanda nalo aache kumwagiza. Shingo ikipona haraka si jambo jema. Siwezi kuandika zaidi. Niamini.

Bushiri


Kibiti
15 Mfungo Sita 1324

Bushiri,

Nikuamini kwa lipi?

Nimeisoma barua yako mbele ya mavyaa, akaniomba niirudie, nikairudia. Akasema, "Hawa wa hospitali wanataka waseme wamemponya wao." Mimi nakujua zaidi.

Nakumbuka siku Mshamu alipoleta posa kwetu Ngorongo. Baba alikuwa ameshakubali. Wewe, mtoto wa juzi, ulisimama barazani ukasema watu wa milimani hawaoi kwetu, wanakuja kuazima. Ulikataa kula pilau ya harusi. Miaka sita nimelinyamazia hilo, na ulipoandika nitoke edani nikasema limekwisha, kijana amekua. Kumbe bado. Sasa unamshika kichwa, unavaa nguo nyeupe, unapimwa na kuambiwa shingo yako ndiyo shingo ya kweli, na dawa ya mama wa Kimatumbi inakutia haya mbele ya bwana wako.

Mafuta nimeshayapeleka, na hayapiti kwako. Mwanabaraka anayefua mashuka ya hospitali ni mtu wa Ngorongo, alicheza nami utotoni. Nassibu anampa yeye, naye anampa Mshamu mkononi na kumweleza maagizo ya mama yake. Wiki tatu sasa. Nassibu ananiletea na majibu. Anasema Mshamu ametoa salamu ya kushoto.

Mtoto anaitwa Zabibu. Ameanza kucheka. Nilitaka kukuandikia hayo kwa furaha.

Kama una sababu, iandike. Kama huna, usiniandikie.

Mwamini


Dar es Salaam
20 Mfungo Saba 1324

Dada yangu,

Sababu ninayo. Nilikuwa nayo tangu barua ya kwanza.

Mshamu hakusamehewa. Hukumu yake haikufutwa, kamba ilipokatika ilisogezwa tu. Kwa sheria yao mgonjwa hanyongwi, sharti apone kwanza. Mkuu wa boma alimtaka siku ileile, Daktari akamwomba: niachie, shingo kama hii sijapata kuipima, nitakurudishia ikiisha kupona. Wakaandikiana. Karatasi nimeiona, mimi ndiye ninayepanga mafaili. Kupona kwenyewe kumeandikwa kwa hesabu. Shingo ikisogea kama ya mtu mzima, mtu arudi.

Ya mtu mzima ni yangu.

Siku ya kwanza Mshamu alikuwa anatetemeka kitini na picha zote zikatoka na ukungu. Daktari akaniita pembeni. "Mwambie amesamehewa. Mwenye hofu hukaza misuli." Nikarudi, nikamwambia. Askari wa zamu alikuwa anasikiliza, naye Kiswahili anakijua. Mshamu alilia, akataka kunibusu mkono. Picha ikatoka safi.

Ningeweza kumnong'oneza siku nyingine. Nilikuwa naye peke yangu mara nyingi, wakati wa kumpaka mafuta, wakati wa kumwosha. Mwezi wa kwanza nilisema nitamwambia kesho. Kisha msaidizi mmoja alikutwa amempelekea mfungwa maneno ya nyumbani, wakamchapa ishirini na tano uani tukiangalia, wakamtia mnyororoni kubeba mawe ya barabara. Baada ya hapo sikusema tena hata kesho.

Nilichofanya ni hiki. Kila Jumanne nilipomshika kichwa sikukisukuma. Nilikaza mikono yangu mwenyewe ili nionekane nasukuma. Miezi miwili na nusu shingo ilikaa kwenye thelathini, na Daktari akawa anaumiza kichwa hajui kwa nini. Mshamu alikuwa ananiambia kwa sauti ndogo, "Shemeji, sukuma, usinionee huruma. Nataka kwenda nyumbani." Nami nakaza mikono. Na wakati huo huku nyuma yanapita mafuta ya Mwanabaraka, na yeye kitandani anajinyoosha mara tano, mara saba, mara kumi kwa siku.

Jumanne iliyopita aligeuka kumtazama mtu aliyemwita mlangoni. Aligeuka tu, kama mimi na wewe. Daktari alikuwa anaandika, akaweka kalamu chini. Akaja akanisogeza, akamshika kichwa kwa mikono yake. Nyuzi sitini na moja. Akampiga Mshamu begani kwa furaha, na Mshamu akacheka naye.

Amesafirishwa juzi kwa meli ya pwani mpaka boma. Hakufungwa. Daktari alimpa barua ya bahasha ya kaki aipeleke kwa mkuu wa boma mwenyewe, na Mshamu anaamini ndiyo karatasi ya uhuru. Aliishika kifuani. Alinipa mkono mbele ya watu wote, mara ya kwanza tangu afike. Sikusema. Dada, sikusema hata pale.

Usiende bomani. Mzuie na mama yake. Barua hii nampa Nassibu, nimemwomba atembee mchana kutwa.

Uliyoyasema kuhusu posa ni kweli niliyatamka. Lakini hili silo.

Bushiri


Kibiti
4 Mfungo Nane 1324

Bushiri,

Barua yako niliikuta nyumbani niliporudi kutoka bomani.

Tulikuwa tumeshakwenda. Mwanabaraka alituma mtu aliyefika mapema kuliko Nassibu wako, kwamba Mshamu anashuka na meli Ijumaa, na anataka mimi na mama tumpokee. Tulitembea siku mbili na nusu kwa miguu, mtoto mgongoni. Mavyaa alibeba mchele kibaba kimoja alioununua kwa bangili yake ya fedha, akasema mwanangu hatakula ming'oko siku ya kwanza.

Alishuka akitembea. Nilimwita kutoka nyuma ya watu, akageuka. Mavyaa akanishika mkono kwa nguvu akasema, "Umeona? Umeona anavyogeuka?" Akamfuata, akamshika shingo palepale gatini, akaipitia mfupa kwa mfupa kwa vidole vyake, watu wanapita. Akasema, "Huu wa tano nimeuweka vizuri." Mshamu akacheka. Akamchukua Zabibu, akamwinua juu, akaniita nione anavyoweza kutazama juu. Bahasha alikuwa ameibana kwapani.

Tulipika mchele ule uani kwa mpishi wa boma, anatufahamu. Mshamu alikula. Alinieleza habari za mashine, za taa ya kijani, na wewe unavyohesabu kwa sauti kama mwalimu wa chuo. Kisha akasema wacha nimpe bwana karatasi yake tuanze safari mapema. Akaingia.

Tulingoja mpaka jua likawa kichwani. Alipotoka alikuwa amefungwa mikono na hakuwa ameelewa bado. Alikuwa anamwuliza askari, "Si mmesoma? Nimepona. Si mmesoma?" Askari mwenyewe alikuwa anatazama chini. Mavyaa ndiye aliyeelewa kwanza. Alipiga ukelele ambao sijausikia kwa mtu, akawa anasema, "Ni mimi, ni mikono yangu," anajipiga vidole kwenye ukuta wa boma. Walimtoa nje kwa kitako cha bunduki. Mshamu alipomwona mama yake anaburutwa, ndipo alipoelewa.

Walinipa ruhusa ya kusema naye, kidogo tu, kwenye kizuizi. Kamba safari hii ilikuwa mpya. Tena walimpa mtu mwingine amvute miguu ili lisitokee la kwanza.

Mwili tulipewa alasiri, ukiwa umefungwa kwenye gunia. Ulikuwa mfupi. Nilimwuliza askari, akaniambia Daktari aliandika kwenye ileile barua kwamba shingo na kichwa arudishiwe, ailinganishe mifupa na vioo vyake. Vimetiwa kwenye sanduku la bati na chumvi, vitapanda meli inayorudi. Kwa hiyo Mshamu alibeba na hilo kwapani. Hukuniandikia la sanduku. Sijui kama ulilijua, na sitaki unijibu.

Tumezika tulichopewa huko huko, upande wa pili wa mto, maana mavyaa hakuweza kutembea. Vidole vyake vinne vimevunjika na hataki vifungwe. Tangu siku ile hajasema na mtu. Waliovunjika mikono wamekuja mara mbili na anawageuzia mgongo.

Sanduku litafika kwako kabla ya barua hii au pamoja nayo. Wewe ndiye unayepanga vitu vya Daktari. Akishamaliza kulinganisha kwake, liombe, au liibe, sijali utakavyofanya. Vilivyomo vikoshe, vikafini, uvizike na uvielekeze kibla. Fanya peke yako.

Uliogopa viboko, na mimi nisingetaka uchapwe. Ningekuandikia hivyo kama ungeniuliza. Lakini ungeniambia mimi. Mimi nilikuwa Kibiti, hakuna ambaye angenichapa, na mafuta yalikuwa yanatoka kwangu.

Pale kwenye kizuizi aliongea haraka. Alisema jembe nimpe kaka yake wa baba mmoja. Alisema Zabibu asome kama mimi nilivyosoma. Halafu akasema, "Bushiri wamemdanganya na yeye pia, maskini. Kanitunza kama mama yangu. Mfikishie ahsante yangu."

Sikumwambia kwamba uliniandikia shingo ikipona haraka si jambo jema. Niliona hawezi kubeba na hilo.

Nimekufikishia.

Mwamini